Fanny Burney, mwandishi aliyekatwa titi bila ganzi

Fanny Burney alizaliwa mwaka 1752 katika mji wa King's Lynn, Uingereza, binti wa mwanamuziki. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 10. Hakupelekwa shule, alijisomea nyumbani. Mwaka 1778 alichapisha riwaya yake ya kwanza, Evelina, bila kuweka jina lake, na kitabu kikapendwa London kabla watu hawajajua aliyekiandika ni nani. Baadaye alimtumikia Malkia Charlotte ikulu kwa miaka mitano, kazi iliyomchosha hadi akaugua. Akiwa na miaka 41 aliolewa na ofisa wa jeshi Mfaransa, Alexandre d'Arblay, aliyekuwa amekimbia mapinduzi ya nchi yake, na mwaka uliofuata akamzaa mwanawe wa pekee. Mwaka 1802 familia ilihamia Ufaransa. Vita vikazuka tena kati ya nchi hizo mbili, na Fanny akakwama huko miaka 10.

Agosti 1810, akiwa na miaka 58, alianza kusikia maumivu kwenye titi la kulia. Mwanzoni yalikuwa madogo, kisha yakazidi. Mumewe akamsihi aonwe na daktari, naye akakataa. Aliogopa, na wazo la kuchunguzwa lilimkirihisha. Alijipa moyo kwamba akijitunza yatapita. Mama gani hajawahi kujiambia hivyo? Ilibidi rafiki zake wasaidiane na mumewe kumshawishi, na alipokubali muda ulikuwa umeshakwenda.

Tusimame hapo kidogo, kwa sababu watu huchanganya mambo mawili. Kupimwa matiti kwa ratiba, yaani kupigwa picha ya mamogramu kila baada ya mwaka mmoja, miwili au mitatu kulingana na nchi, ni kwa mwanamke asiyehisi chochote. Mwenye uvimbe kwenye titi au kwapani, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, huyo hasubiri ratiba wala umri. Aende kituo cha afya wiki hii. Maumivu peke yake mara nyingi si saratani, lakini yakikaa mahali pamoja na yasiishe, yaangaliwe. Shirika la Afya Duniani linataka mwanamke mwenye dalili apate jibu kamili ndani ya siku 60 tangu alipofika kituoni. Kwa Fanny, kutoka maumivu ya kwanza hadi upasuaji ulipita zaidi ya mwaka.

Walimtazama madaktari wakubwa wa Paris: Antoine Dubois, aliyemhudumia mke wa Napoleon, na Dominique-Jean Larrey, daktari mpasuaji wa jeshi. Walisema ni saratani na titi likatwe. Fanny aliomba asijulishwe siku mapema, asije akaishi na hofu hiyo. Tarehe 30 Septemba 1811 taarifa ikamfikia siku hiyohiyo ya upasuaji. Mumewe alikuwa kazini, na Fanny hakutaka ashuhudie. Wakaingia nyumbani kwake wanaume saba waliovaa nguo nyeusi. Alipewa kinywaji chenye mvinyo, basi. Dawa ya usingizi ya etha ilikuja kutumika hospitalini mwaka 1846. Walimfunika uso kwa kitambaa chepesi, chepesi mno, kwani aliuona mng'ao wa kisu kupitia kitambaa hicho. Upasuaji ulichukua kama dakika 20, na alizimia katikati.

Alipona. Akaishi miaka mingine 28. Ndiyo maana baadhi ya madaktari wa leo wanajiuliza kama kweli ilikuwa saratani. Larrey na wenzake waliamini hivyo, lakini walitegemea macho na vidole tu. Siku hizi hakuna titi linalopaswa kukatwa kabla ya kuchukua kinyama kwa sindano, chini ya ganzi, na kukipima kwa hadubini. Ukiambiwa ukatwe bila kipimo hicho, uliza kwa nini.

Shaka hiyo haikuisha na karne ya Fanny, na ndiyo inayofanya uamuzi wa kupima kwa ratiba usiwe mwepesi kama mabango yanavyosema. Mamogramu huona uvimbe kabla mkono haujaugusa, na hapo maisha huokolewa. Lakini baadhi ya saratani inazoziona hukua polepole mno hata zisingemsumbua mama huyo maisha yake yote. Hakuna daktari awezaye kuzitenganisha kwa hakika na zile za kuua, kwa hiyo zote hutibiwa. Wataalamu wa Uingereza waliopitia ushahidi mwaka 2012 walikadiria kwamba kwa kila mwanamke mmoja aliyeokolewa na kifo, watatu hivi walitibiwa saratani ambayo isingewadhuru. Tena huko, katika kila wanawake 100 wanaopimwa, kama 4 huitwa kwa vipimo zaidi, na wengi wao hukutwa hawana saratani, baada ya siku kadhaa za kukosa usingizi.

Kwa maoni yetu, mwenye miaka 50 hadi 69 anayeweza kufikia mashine nzuri na matibabu ana sababu ya kutosha ya kupima. Chini ya hapo nchi zinatofautiana: Marekani sasa wanashauri kuanzia miaka 40, Uingereza huanza kuita wanawake wakifika 50. Binti wa miaka 28 asiye na dalili hafaidiki sana na mamogramu, kwa kuwa titi la kijana halionekani vizuri kwenye picha hiyo. Ikiwa mama, dada au binti yako aliugua saratani ya titi, mwambie daktari, maana hesabu yako ni nyingine. Na kabla ya kulipa popote, uliza: wakiona kitu, kinyama kitachukuliwa wapi, na nani atanitibu? Picha isiyofuatwa na matibabu haimsaidii mtu. Palipo mbali na mashine, muuguzi aliyefunzwa anaweza kukuchunguza matiti kwa mkono, nawe uyajue yako yalivyo ili yakibadilika ushtuke.

Mwaka 1812, bado yuko Paris, Fanny alimwandikia dada yake Esther barua ndefu kuhusu upasuaji ule. Ilimchukua miezi, maana kila alipokumbuka kichwa kiliuma. Aliwafikiria wanawake wa ukoo wake: asingependa yeyote kati yao akipatwa na hali kama ile asubiri kama alivyosubiri yeye. Mwaka huohuo alirudi Uingereza na mwanawe, na mwaka 1814 akachapisha riwaya yake ya mwisho. Alimzika mumewe mwaka 1818, akamzika na mwanawe mwaka 1837. Yeye alifariki London tarehe 6 Januari 1840, akiwa na miaka 87.