Abu Kamil wa Misri na Suala la Ndege Mia

 

 Ndugu msomaji, kila baada ya muda huzuka swali la hesabu ambalo watu hutumiana kwenye simu na kugombana juu yake. Mwaka 2019 lilizagaa duniani swali hili: 8 ÷ 2(2+2). Kundi moja likashika kuwa jawabu ni 16, jingine likashika kuwa ni 1, na kila kundi likaliona lenzake halikusoma. Ugomvi wa namna hii si mpya. Zaidi ya miaka 1,100 iliyopita alikuwapo Misri mwanazuoni wa Kiislamu aliyekutana na mfano wake, na jinsi alivyoukabili ndiko kulikotufanya tumwandike leo.

Jina lake ni Abu Kamil Shuja bin Aslam bin Muhammad bin Shuja. Watu walimwita al-Hasib al-Misri, yaani mtaalamu wa hesabu wa Misri. Alizaliwa takriban mwaka 850 na kufariki takriban mwaka 930, hivyo aliishi katika karne ya tatu ya Hijria na mwanzoni mwa karne ya nne. Ndio wakati ambao Ahmad bin Tulun aliitawala Misri na kujenga msikiti uliokamilika mwaka 879, ambao ungali umesimama Cairo. Waandishi wa tarehe hawakutuachia habari za wazazi wake wala za walimu wake. Walichotuachia ni majina ya vitabu vyake, na Ibn al-Nadim wa Baghdad aliviorodhesha kadhaa katika Fihrist yake ya mwaka 377 Hijria.

Kitabu chake kikubwa kilikuwa cha aljebra. Al-Khwarizmi alikwisha kuifungua fani hiyo Baghdad, na Abu Kamil akaipeleka mbali zaidi, kwani hakusita kufanya hesabu kwa vipeo visivyotoka kamili, jambo ambalo wengi kabla yake walilikwepa. Alikuwa na adabu kwa aliyemtangulia. Alipotokea mtu aitwaye Ibn Barza akidai kuwa babu yake ndiye aliyetangulia katika fani hiyo, Abu Kamil alimtetea al-Khwarizmi, tena kwa maneno makali.

Lakini tunachokikusudia leo ni kitabu chake kidogo, Kitab al-Tara'if fi al-Hisab, ambacho wengine hukiita Kitabu cha Ndege. Katika dibaji yake anaeleza kuwa kulikuwa na suala lililozunguka midomoni mwa watu wa kila tabaka, wasomi na wasiosoma, nao walilifurahia kama jambo jipya. Mtu anapewa dirhamu 100 na kuambiwa anunue ndege 100 wa aina mbalimbali, kila aina kwa bei yake, pasibaki dirhamu wala kupungua ndege. Wachina walikuwa na suala kama hilo karne kadhaa kabla yake. Watu wa Misri walilijibu kwa kubahatisha. Aliyepata hesabu moja iliyosimama aliishika na kudhani kwamba amemaliza.

Abu Kamil akaona kuwa hapo ndipo penye kasoro. Aliyeuliza ametoa masharti mawili tu, idadi ya ndege na idadi ya dirhamu, na kila aina ya ndege inunuliwe japo mmoja mzima. Zinazotafutwa ni namba tatu, au nne, au tano. Masharti yakiwa machache kuliko vinavyotafutwa, swali limeachwa wazi, na hakuna ajuaye lina majawabu mangapi mpaka ahesabu.

Akatoa masuala sita. Katika moja, bata mmoja ni dirhamu 5, shomoro 20 ni dirhamu 1, na kuku mmoja ni dirhamu 1. Hilo lina jawabu moja tu: bata 19, shomoro 80 na kuku 1. Suala jingine akalionyesha kuwa halina jawabu kabisa, hata mtu akilikalia mwaka mzima. Kisha likaja la aina tano: bata mmoja kwa dirhamu 2, kuku mmoja kwa dirhamu 1, njiwa wawili kwa dirhamu, tetere watatu kwa dirhamu, na ndege wadogo waimbao wanne kwa dirhamu. Msomaji mwenye kalamu ajaribu: bata 6, njiwa 2, tetere 3, ndege wadogo 4 na kuku 85. Inatimia. Ajaribu tena: bata 26, njiwa 10, tetere 9, ndege wadogo 20 na kuku 35. Nayo inatimia. Abu Kamil alipomaliza kuhesabu alipata majawabu sahihi 2,676.

Yeye mwenyewe alistaajabu. Alipowaambia watu, aliambulia mshangao, na wasiomjua wakamtilia shaka, wakamdhania hajui asemalo. Tunaona hapa ndipo tabia ya mwanazuoni ilipodhihiri. Hakujibizana nao barazani. Aliketi akaandika njia yenyewe hatua kwa hatua, ili kila mwenye shaka aipite mwenyewe na afike alikofika yeye. Na waliokuja baadaye waliipita kweli, wakakuta majawabu ni 2,678. Mawili yalimponyoka, lakini njia aliyoiacha ilitosha kuyaonyesha.

Abu Kamil huyu aliandika pia juu ya mirathi na wasia kwa njia ya aljebra, na humo alizitaja kauli za mafakihi kabla ya kuhesabu. Utaratibu huo una maana kubwa kwetu. Mwanamke amefariki, ameacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja, na mali ya shilingi 4,200,000. Mume ana nusu, madada wana theluthi mbili, na mafungu hayo yakijumlishwa yanazidi mali. Kwa kauli ya Sayyidna Umar (RA), ambayo ndiyo ya maimamu wanne, kila fungu hupunguzwa kwa uwiano, njia iitwayo aul. Mume hupata 1,800,000 na kila dada 1,200,000. Kwa kauli ya Ibn Abbas (RA), ambayo Jaafari wameishika, mume hachezewi nusu yake. Hupata 2,100,000 na kila dada 1,050,000.

Hili ni tofauti na la ndege. Kule majawabu yote ni sahihi kwa pamoja, hapa kila jawabu ni sahihi kwa kanuni yake, kama ilivyo 16 na 1. Madada wawili hawawezi kuambiwa wachague. Anayegawa ana wajibu wa kutaja kwanza anafuata kauli ipi, ndipo achukue kalamu. Tumewahi kusikia warithi wakishutumiana wizi ilhali kilichotofautiana ni kanuni.

Kazi ya Abu Kamil haikufa naye. Al-Karaji aliifuata, na Leonardo wa Pisa, mwaka 1202, aliyatia masuala yake mengi katika kitabu kilichowafundisha Wazungu hesabu, likiwamo suala la ndege, safari hii ndege 30 kwa dinari 30. Katika karne ya 15 Mordekhai Finzi, Myahudi wa Italia, alikifasiri kitabu chake cha aljebra kwa Kiebrania. Allah amrehemu Abu Kamil.