Anna Julia Cooper

Anna Julia Haywood Cooper (Raleigh, North Carolina, 10 Agosti 1858 – Washington, D.C., 27 Februari 1964) alikuwa mwalimu, mwandishi na mwanahistoria wa Marekani. Alizaliwa mtumwa, na akiwa na umri wa miaka 66 alipata shahada ya uzamivu katika chuo kikuu cha Sorbonne mjini Paris. Anakumbukwa hasa kama mkuu wa shule ya sekondari ya M Street mjini Washington. Huko alikataa kuwapunguzia wanafunzi Weusi masomo kwa sababu ya rangi yao, na mgogoro uliozuka ulimwondoa katika cheo hicho.

Maisha ya awali

Mama yake, Hannah Stanley Haywood, alikuwa mtumwa wa familia ya Haywood na hakuwahi kupata nafasi ya kwenda shule. Inadhaniwa kwamba baba yake alikuwa Mzungu wa familia hiyohiyo iliyowamiliki. Utumwa ulipofutwa nchini Marekani mwaka 1865, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Anna alikuwa na umri wa miaka 7.

Mwaka 1868 alianza masomo katika shule ya Saint Augustine's mjini Raleigh. Shule hiyo ilikuwa imeanzishwa na Kanisa la Episkopali ili kuandaa walimu watakaowafundisha watu waliotoka utumwani. Anna alisoma kwa ufadhili, na akiwa bado mtoto alipewa kazi ya kuwafundisha wenzake. Hapo ndipo alipoanza ualimu, kazi aliyoifanya kwa zaidi ya miaka 60.

Katika shule hiyo aligundua kwamba masomo ya juu, kama Kigiriki, yalitengwa kwa vijana wa kiume waliojiandaa kuwa makasisi. Wasichana walipewa masomo mepesi zaidi, hata kama uwezo wao ulikuwa mkubwa. Anna alilalamika, akadai kuingia darasa la Kigiriki, akakubaliwa. Mwaka 1877 aliolewa na George Cooper, mwanafunzi wa teolojia kutoka visiwa vya Karibi. Mume wake alifariki mwaka 1879, na Anna hakuolewa tena.

Chuo cha Oberlin

Mwaka 1881 aliingia chuo cha Oberlin, jimbo la Ohio, mojawapo ya vyuo vya kwanza Marekani kupokea wanafunzi Weusi na wanawake. Hata huko kulikuwa na njia mbili: kozi fupi ya wanawake, na kozi ndefu iliyoitwa ya waungwana wa kiume, yenye Kilatini, Kigiriki na hisabati ya juu. Cooper alichagua ile ndefu. Alihitimu mwaka 1884 pamoja na wanawake wengine wawili Weusi, Mary Church na Ida Gibbs. Baadaye chuo kilimpa shahada ya uzamili katika hisabati.

Alifundisha kwa muda katika chuo kikuu cha Wilberforce, kisha akarudi Saint Augustine's. Mwaka 1887 alihamia Washington, akaanza kufundisha katika shule ya sekondari ya umma ya vijana Weusi, ambayo baadaye iliitwa M Street kwa jina la barabara yake.

Mwandishi na msemaji

Mwaka 1892 alichapisha kitabu A Voice from the South (Sauti kutoka Kusini), mkusanyo wa insha kuhusu elimu, wanawake na ubaguzi wa rangi. Ndani yake alidai kwamba hali ya jamii nzima ya Weusi hupimwa kwa hali ya wanawake wake. Alieleza pia kwamba msichana mwenye kipaji mara nyingi hukatishwa tamaa na watu wa jamii yake mwenyewe, huku mvulana wa kawaida akisaidiwa kufika mbele. Kitabu hicho kinahesabiwa leo kati ya vitabu vya awali kabisa kuhusu haki za wanawake Weusi wa Marekani.

Mwaka huohuo alishiriki kuanzisha chama cha wanawake Weusi mjini Washington. Mwaka 1893 alihutubia mkutano wa kimataifa wa wanawake mjini Chicago. Mwaka 1900 alikuwa mmoja wa wanawake wachache waliozungumza katika mkutano wa kwanza wa Umajumui wa Afrika mjini London, ambako W. E. B. Du Bois pia alihudhuria.

Mkuu wa shule ya M Street

Shule za Washington zilitenganishwa kwa rangi, na M Street ilikuwa ndiyo shule ya umma iliyowaandaa vijana Weusi wa mji huo kwa vyuo. Ubaguzi wenyewe uliipa shule hiyo nguvu ambayo haikukusudiwa: Weusi wenye shahada za vyuo vikubwa walifungiwa milango ya kazi nyingine, kwa hiyo wengi wao waliishia kuwa walimu. Matokeo yake, walimu wa M Street walikuwa na elimu ya juu kuliko ile iliyozoeleka katika shule za sekondari za wakati huo.

Cooper aliteuliwa kuwa mkuu wa shule mwaka 1902. Wakati huo palikuwa na mjadala mkali kuhusu elimu ya Weusi. Booker T. Washington, mkuu wa taasisi ya Tuskegee, alisisitiza elimu ya ufundi na kilimo. Wazungu wengi wenye madaraka waliunga mkono wazo hilo, na baadhi yao walilichukua kuwa sababu ya kuwanyima Weusi elimu nyingine yoyote.

Cooper hakuidharau kazi ya mikono. Alichokipinga ni kuamua masomo ya mtoto kwa kutazama ngozi yake kabla ya kujua anaweza nini. Kwake mwalimu alipaswa kutafuta kwanza uwezo wa mwanafunzi, kisha kumpa masomo yanayoukuza, ufundi kwa anayeufaa na Kilatini kwa anayekifaa. Chini yake M Street iliendelea kufundisha lugha za kale, hisabati na sayansi kwa kiwango cha shule bora za Wazungu. Padre Mfaransa Félix Klein aliyeitembelea mwaka 1903 alikuta wanafunzi wakisoma mshairi wa Kiroma Virgil, akaandika kwa kuvutiwa juu ya shule na mkuu wake. Wahitimu walipata nafasi katika vyuo kama Harvard, Yale, Brown na Oberlin.

Kuondolewa kazini

Mafanikio hayo hayakumfurahisha kila mtu. Mkurugenzi wa shule za sekondari wa mji huo, Percy Hughes, ambaye alikuwa Mzungu, alitofautiana na Cooper kuhusu masomo ya M Street. Mwaka 1905 tofauti hizo zilifika mbele ya bodi ya elimu zikiwa mashtaka. Ilidaiwa kwamba Cooper hakuweza kusimamia nidhamu, kwamba hakufuata vitabu vilivyopangwa, na kwamba aliwahurumia mno wanafunzi dhaifu badala ya kuwaondoa. Zilienezwa pia fununu kuhusu maisha yake ya nyumbani. Wazazi na wahitimu walimtetea, na magazeti ya mji yaliandika habari hizo kwa miezi mingi.

Shtaka la kuwahurumia wanafunzi dhaifu linaonyesha jinsi alivyofanya kazi. Mkuu yuleyule aliyepeleka vijana Harvard alilaumiwa kwa kutomtupa anayechelewa kuelewa. Mwaka 1906 bodi haikumteua tena. Alikwenda kufundisha katika chuo cha Lincoln, jimbo la Missouri, kwa miaka minne. Mwaka 1910 alirudishwa M Street, lakini kama mwalimu wa Kilatini tu. Aliikubali nafasi hiyo, akaendelea kufundisha chini ya wakuu wengine. Mwaka 1916 shule ilihamia jengo jipya, ikaitwa Dunbar.

Shahada ya uzamivu

Cooper alitumia likizo zake kusoma, kwanza Paris, kisha kuanzia mwaka 1914 katika chuo kikuu cha Columbia mjini New York. Mwaka 1915 alichukua watoto watano wa ndugu yake waliofiwa na mama, mdogo wao akiwa bado mchanga, akawalea peke yake. Kwa kuwa hakuweza kuwaacha ili akae New York muda uliotakiwa, alihamishia masomo yake Sorbonne.

Alipokwenda Paris kukamilisha utafiti, alipata habari kwamba asiporudi ndani ya siku 60 angepoteza kazi. Alirudi kwa wakati, akamalizia kuandika huku akifundisha. Tasnifu yake ilihusu msimamo wa Ufaransa juu ya utumwa wakati wa mapinduzi, pamoja na matukio ya koloni la Saint-Domingue, ambalo leo ni Haiti. Aliitetea kwa Kifaransa tarehe 23 Machi 1925, akawa mwanamke Mweusi wa nne wa Marekani kupata shahada ya uzamivu.

Shule ya wafanyakazi

Alistaafu Dunbar mwaka 1930, lakini mwaka huohuo akawa mkuu wa chuo kikuu cha Frelinghuysen mjini Washington. Chuo hicho kiliwafundisha jioni watu wazima waliofanya kazi mchana. Hakikuwa na fedha, na Cooper aliingiza madarasa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Sehemu moja ya masomo, kwa ajili ya watu wenye elimu ndogo kabisa, aliipa jina la mama yake. Chuo kilinyimwa kibali cha kutoa shahada, naye akaacha ukuu wake mwanzoni mwa miaka ya 1940.

Alifariki usingizini akiwa na umri wa miaka 105, akazikwa Raleigh.

Urithi

Mabishano yaliyomwondoa Cooper M Street yalivuka bahari. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki na kupendekeza elimu iliyofuata mifano ya Tuskegee na Hampton. Mwaka 1925 shule ya kuandaa walimu wa namna hiyo ilifunguliwa Kabete, Kenya. Huku pia Waafrika wengi walidai watoto wao wasifungiwe masomo ya kitaaluma.

Shule ya Cooper ilitoa watu waliobadilisha nchi yao. Mmoja ni mwanasheria Charles Hamilton Houston, aliyehitimu M Street mwaka 1911 na baadaye kuandaa njia ya kesi iliyofanya utenganishaji wa shule kuwa kinyume cha katiba mwaka 1954. Cooper aliishi kuiona hukumu hiyo. Mwaka 2009 posta ya Marekani ilitoa stempu yenye picha yake.