Maisha ya Sheikh Ramiya wa Bagamoyo

Nataka kuwaeleza habari za mtu mmoja aliyetolewa kwao Manyema akiwa mtoto wa kuuzwa, akafikishwa Bagamoyo, na akafa huko mwaka 1931 akiwa sheikh mwenye heshima kubwa. Jina lake ni Yahya bin Abdallah, lakini watu wengi walimjua kwa jina la Sheikh Ramiya.

Nina sababu ya kumchagua. Sisi wa Gatete twakaa kando ya Ziwa Tanganyika, na ng'ambo twaiona milima ya Kongo, ambayo nyuma yake ndiyo njia ya Manyema. Katika Rumonge kengele ya kanisa yasikika na adhana yasikika. Shule yetu ni ya misheni, walakini Wakristo na Waislamu twakaa benchi moja. Basi mara nyingi katika maongezi ya jioni huzuka neno hili, ya kwamba Uislamu katika nchi hizi ni dini ya wauza watumwa tu, na kwamba mtu mweusi aliyeifuata aliifuata kwa kumwogopa bwana wake. Neno hilo si dogo, maana lawahukumu babu za wenzetu bila kuwasikiliza. Mimi ni Mkristo, wala sikusudii kumvuta mtu atoke katika dini yake. Nataka tu tutazame maisha ya mtu mmoja, kisha kila msomaji apime mwenyewe.

Kwanza ni lazima tukubali kwamba neno lile lina mzizi wake. Katika miaka ya 1880 alikaa Ujiji Mwarabu mmoja wa pwani, Mohamed bin Khalfan al-Barwani, ambaye watu walimpa jina la Rumaliza. Watu wake walikuja kwa mashua na bunduki katika pwani ya kaskazini ya ziwa, wakateka watu na kutafuta pembe. Mwami Mwezi Gisabo aliwazuia wasiitawale milima ya Burundi, lakini watu wa pwani waliona taabu nyingi. Kwa hiyo si ajabu kama katika masikio ya wazee jina la Mwislamu na jina la mteka watu yalikwenda pamoja. Na mapadre wetu walikuja katika siku hizo hizo. Walifika Rumonge mwaka 1879, na tarehe 4 Mei 1881 watatu kati yao, Padre Deniaud, Padre Augier na msaidizi wao D'Hoop, waliuawa hapa Rumonge. Basi dini zote mbili zilifika pwani yetu katika wakati mmoja, wakati wa mishale, bunduki na watoto wa kuuzwa.

Ramiya alikuwa mmoja wa watoto hao. Alizaliwa katika nchi ya Manyema, mashariki ya Kongo, akatekwa angali mdogo. Njia ya misafara ya Manyema ilikuwa kuteremka mpaka ziwani, kuvuka kwa mashua hadi Ujiji, kisha kwenda kwa miguu kupita Tabora mpaka Bagamoyo. Kutoka Ujiji mpaka bahari ni zaidi ya kilomita 1,000. Wapagazi walichukua pembe mabegani, na watumwa walikwenda wamefungwa. Wengi walikufa njiani kwa njaa, kwa ndui na kwa kuchoka.

Huko Bagamoyo akaingia katika nyumba ya Mwarabu tajiri, Amir bin Suleiman wa ukoo wa al-Lamki, ambaye baadaye alikuwa liwali wa mji katika siku za Wadachi. Liwali ndiye aliyewekwa na serikali kutazama mambo ya mji na kuamua mashauri ya watu. Mtoto akawa mtumishi wa nyumbani. Na jina lake lenyewe laonyesha hali yake. Mtu aliyeingia Uislamu naye hana baba Mwislamu mara nyingi aliitwa mwana wa Abdallah, maana yake mwana wa mtumwa wa Mungu. Mtoto huyu, ambaye baba yake alibaki mbali ng'ambo ya ziwa, akawa Yahya bin Abdallah.

Tena Bagamoyo palikuwa na mlango mwingine kwa watoto kama yeye. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni yao huko mwaka 1868, wakanunua watoto wa utumwa ili kuwakomboa, wakawapa kijiji, mashamba na shule. Mtoto wa Manyema aliyeangukia upande ule alijifunza Baba Yetu. Ramiya aliangukia upande huu, akajifunza Al-Fatiha. Hakuna aliyeulizwa kwanza.

Je, katika nyumba ile alifundishwa nini? Hapa yafaa nieleze kidogo, maana wengi wetu twaishi na Waislamu nasi hatujui misingi ya dini yao. Uislamu ulianza katika Arabuni. Mtume Muhammad alizaliwa Makka karibu na mwaka 570, na Waislamu wasadiki kwamba tangu mwaka 610 alishushiwa maneno ya Mungu kwa kinywa cha malaika Jibrili. Maneno hayo ndiyo Kurani. Watu wa Makka walimpinga, hata mwaka 622 akahamia Madina. Kuhama huko kwaitwa Hijra, na ndipo Waislamu waanzapo kuhesabu miaka yao. Alikufa mwaka 632.

Imani yao ni kwamba Mungu ni mmoja, hana mshirika. Wanaamini malaika, vitabu vilivyoteremshwa, mitume, Siku ya Kiyama, na kwamba yote huwa kwa kudra ya Mungu. Ibrahimu, Musa na Isa kwao ni mitume, na Mariamu ana heshima kubwa. Nguzo za dini ni tano. Ya kwanza ni shahada, yaani kukiri kwamba hapana mungu ila Mungu, na Muhammad ni mtume wake. Ya pili ni kusali mara tano kila siku. Ya tatu ni zaka, ambayo katika fedha ni sehemu 1 katika kila 40. Ya nne ni kufunga mchana mwezi mzima wa Ramadhani. Ya tano ni kwenda kuhiji Makka mara moja katika maisha kwa mwenye uwezo.

Sasa fikirini jinsi mambo hayo yalivyosikika katika masikio ya mtumwa. Katika sala watu husimama safu moja, bega kwa bega, wala hapana kiti cha tajiri mbele. Muadhini wa kwanza wa Mtume alikuwa Bilali, mtu mweusi wa asili ya Uhabeshi, aliyekuwa mtumwa akateswa kwa ajili ya imani yake, kisha akakombolewa na Abu Bakari. Kumwacha mtumwa huru ni tendo jema la thawabu, na zaka yaweza kutumiwa kukomboa watu. Lakini sheria haikumfungua mtumwa kwa sababu tu amesilimu. Bwana na mtumwa waliweza kusali safu moja alfajiri, na saa moja baadaye mmoja akamtuma mwenzake kisimani. Waungwana wengi wa pwani hawakuona kwamba mtumwa yafaa asome sana. Alitakiwa ajue kusali na kutii, basi.

Ramiya hakukubali kukaa hapo. Alijifunza Kurani, akaendelea na elimu ya sheria na lugha ya Kiarabu kwa wanachuoni wa pwani. Hiyo si kazi ya mwezi mmoja. Vitabu vilinakiliwa kwa mkono, mwanafunzi alikaa chini mbele ya mwalimu, akasoma mstari kwa mstari, na hakupewa ruhusa ya kufundisha mpaka mwalimu ameridhika. Akafanya na biashara, akajipatia mali, akanunua mashamba ya minazi. Sisi tuliokulia katikati ya michikichi twafahamu maana yake, maana mwenye miti yake hamsujudii mtu kwa ajili ya chakula. Hivyo mtoto aliyekuwa mali ya mtu akawa mtu mwenye mali.

Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa amekwisha kuwa mwalimu, na wanafunzi wakamjia. Ndipo akawa khalifa wa tarika ya Qadiriyya. Tarika ni njia ya ibada, watu hujiunga chini ya sheikh wao kumkumbuka Mungu. Hii yaitwa kwa jina la Sheikh Abdulkadir al-Jilani, aliyekufa Baghdad mwaka 1166. Katika pwani yetu ya Afrika Mashariki iliyoieneza sana ni kazi ya Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyefika Unguja katika miaka ya 1880, na akauawa huko Somalia mwaka 1909. Wafuasi hukusanyika kwa zikri. Husimama pamoja, wakalitaja jina la Mungu kwa sauti na kwa pumzi, wakiinama na kuinuka kwa mwendo mmoja. Husoma pia maulidi, yaani habari za kuzaliwa kwa Mtume. Wako wanachuoni wasiopenda desturi hizo. Lakini kwa watu wa bara na wazao wa watumwa tarika ilikuwa neema kubwa, maana mtu hakuulizwa ukoo wake. Asiyejua Kiarabu kingi aliweza kusimama katika zikri na mwenye elimu. Wakamfuata Ramiya wengi wenye asili kama yake, na hata waungwana wakamheshimu.

Mwaka 1916, katika vita kuu ya kwanza, Waingereza wakawatoa Wadachi Bagamoyo. Walitafuta mtu anayesikilizwa na watu, wakamfanya Sheikh Ramiya kuwa liwali. Ndugu wasomaji, hapa nawaomba msimame kidogo. Cheo kile kilikuwa cha bwana wake wa zamani. Mtu aliyeletwa mjini kama mzigo sasa aliketi kuamua mashauri ya wenye mji. Na utumwa wenyewe haukuwa umefutwa katika sheria ya Tanganyika, maana sheria ya kuufuta ilitoka mwaka 1922. Miaka 6 kabla ya sheria, elimu ilikuwa imekwisha kumtoa.

Alikufa mwaka 1931. Mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, akashika nafasi yake katika tarika, na katika miaka ya 1950 alikuwa miongoni mwa masheikh walioiunga mkono TANU katika kudai uhuru wa Tanganyika. Maulidi ya Bagamoyo yaliyoanzwa na baba yaliendelea kukusanya watu wengi kutoka mbali.

Basi turudi katika neno letu la mwanzo. Ni kweli kwamba Uislamu ulifika ziwani pamoja na misafara, na kati ya wenye misafara walikuwamo wauza watu. Lakini haikuwa kazi ya Rumaliza kuwafundisha watu kusali. Bunduki zake zilishindwa kabla karne ya 19 haijaisha, na dini ikabaki. Iliyoibakiza ni mikono ya watu wadogo. Walikuwa Wamanyema, wapagazi, askari, wachuuzi wa samaki na chumvi, na walimu wa chuo wasio na mshahara, katika Ujiji, katika Rumonge, na katika mitaa ya Usumbura ambao leo ni Bujumbura. Wengi wao walikuwa wametekwa, au ni wana wa waliotekwa. Waliichukua dini ya nyumba walimouzwa, wakaisoma mpaka wakaijua kuliko waliowauza, wakaifanya yao. Anayewaita wafuasi wa wauza watumwa amewanyang'anya mara ya pili kitu walichokipata kwa taabu.

Na sisi Wakristo tusijivune. Meli zilizowachukua watu weusi mpaka Amerika kwa mamilioni zilikuwa za watu waliobatizwa. Hata hivyo watumwa wa huko waliishika Injili, wakapata ndani yake nguvu ya kusimama. Hakuna asemaye kwamba Injili ni ya wenye meli.

Kwa wenzangu wa darasa nina shauri moja. Mwezi wa Ramadhani ukifika, na rafiki yako akakaa nawe mchana kutwa bila kunywa maji katika jua la ziwani, usimcheke wala usimwulize nani alimlazimisha babu yake. Mwulize babu yake alisoma kwa nani. Labda atakutajia jina la mwalimu wa chuo ambaye hakuna kitabu kilichomwandika, na wewe mwenye kalamu waweza kuliandika kabla wazee hawajaondoka. Kwa wakubwa wetu mliokwisha kumaliza shule, ninyi mnaokaa Ujiji, Uvira, Nyanza-Lac au Bujumbura, mkijua habari za walimu kama hao, nawaomba mzilete katika gazeti hili. Maisha ya Ramiya yalihifadhiwa kwa sababu alifika pwani na kupata cheo. Wenzake waliobaki ziwani hawakupata cheo, lakini kazi yao twaiona kila Ijumaa.