Padre Horner na Vijana wa Matarumbeta wa Bagamoyo

Ndugu zangu tuliosoma shule hii, nanyi wanafunzi mnaokalia leo madawati yetu, katika mkutano huu wa mwaka nimeona vema tumkumbuke mtu mmoja wa pwani yetu ambaye jina lake linajulikana na kila aliyewahi kutembelea misheni ya Bagamoyo. Huyo ni Padre Anton Horner. Lakini pamoja naye nataka tuwakumbuke vijana wapatao ishirini ambao majina yao hatuyapati katika habari ninayoisimulia.

Horner alizaliwa mwaka 1827 katika jimbo la Alsace, ambalo wakati ule lilikuwa sehemu ya Ufaransa. Alijiunga na Shirika la Roho Mtakatifu, akapelekwa kisiwa cha Réunion katika Bahari ya Hindi, na huko aliwahudumia wagonjwa wa ukoma. Mwaka 1860 mapadre kutoka kisiwa hicho walikuwa wamefungua misheni Unguja, wakati wa utawala wa Sultani Majid. Mwaka 1863 kazi hiyo ilikabidhiwa Shirika la Roho Mtakatifu, na Horner akawa kiongozi wake.

Unguja wakati huo ilikuwa na soko kubwa la watumwa. Misheni iliwakomboa watoto kwa fedha, na wengine iliwapokea kutoka meli za Waingereza zilizokuwa zikikamata majahazi ya watumwa baharini. Watoto walipozidi, mahali pakawa padogo. Horner akavuka kwenda bara kutafuta ardhi, na mwaka 1868 yeye na wenzake, akiwemo Padre Baur, wakaanza misheni ya Bagamoyo. Mji huo ndio uliokuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora. Pembe za ndovu zilifika hapo, na watu waliozibeba wakafika nazo, baadhi yao wakiwa wafungwa.

Maisha katika misheni yalikwenda kwa kengele. Asubuhi sala, kisha shamba, kisha darasa au karakana ya seremala na mhunzi. Si haki kuyapamba maisha hayo kupita kiasi. Mtoto aliyekombolewa sokoni hakuulizwa angependa kwenda wapi. Alipewa jina jipya, dini mpya na kazi. Hata hivyo alipewa pia chakula, ufundi na herufi, na baadhi yao wakapewa matarumbeta.

Habari za matarumbeta hayo tunazipata kwa mgeni. Mapema mwaka 1871 mwandishi wa gazeti, Henry Morton Stanley, alikuwa Bagamoyo akikusanya wapagazi wa safari ya kumtafuta Livingstone. Mapadre wakamkaribisha chakula, na yeye akaandika katika kitabu chake jinsi alivyoshangaa kukuta shampeni mezani. Baada ya kahawa wakaingia wanafunzi wapatao ishirini, wale waliokuwa mbele katika masomo, wameshika vyombo vya shaba. Wakapiga muziki wa Kifaransa kwa mpangilio mzuri, wakaimba na nyimbo za kusifu ushujaa wa Ufaransa. Stanley aliandika habari hizo kwa mshangao uliochanganyika na dharau, kana kwamba mtoto mweusi hakuumbwa na sikio la muziki.

Jambo moja hapa linafaa kufikiriwa. Wakati vijana wale wakiimba ushujaa wa Ufaransa, Ufaransa yenyewe ilikuwa inashindwa vita na Wajerumani. Mwezi Mei mwaka huohuo wa 1871, kwa mkataba wa Frankfurt, Alsace aliyozaliwa Padre Horner ikawa ya Ujerumani. Basi wimbo ulikuwa ukiimbwa Bagamoyo ilhali mambo uliyoyasifu yalikuwa yakianguka kule ulikotoka.

Misheni nayo haikukosa misukosuko. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikali kilipiga Unguja na Bagamoyo, kikabomoa majengo mengi na kung'oa minazi. Walijenga upya. Februari 1874 mwili wa Livingstone ulifika hapo, umebebwa kutoka mbali sana bara na watu wake, wakiwemo Susi na Chuma. Majina ya Susi na Chuma tunayajua hadi leo kwa sababu yupo aliyeyaandika.

Horner aliiongoza kazi hiyo mpaka afya yake ilipovunjika. Alirudi Ulaya, akafariki mwaka 1880 huko Cannes, Ufaransa, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu au pungufu kidogo. Misheni aliyoianzisha ingalipo, na jumba lake la makumbusho linapokea wageni.

Matarumbeta yalienea pwani. Shule ya serikali ya Tanga ilikuwa na bendi yake enzi za Wajerumani, na ngoma ya beni, pamoja na vyama vyake vya Marini na Arinoti, ilichukua mavazi, vyeo na mapigo ya bendi za kizungu ikayafanya ya kwetu.

Sasa turudi kwa wale vijana ishirini. Tunajua walikunywa nini wenyeji na mgeni mezani, lakini Stanley hakutuandikia jina la hata kijana mmoja. Hakutuambia nani alipiga korneti na nani alibeba ngoma. Santuri haikuwako, maana mashine ya kwanza ya kunasa sauti na kuirudisha isikike ilitengenezwa na Edison mwaka 1877. Wakati ule muziki ulikuwa na hifadhi mbili tu, karatasi na kumbukumbu ya mtu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Ninayasema haya kwa sababu shule yetu nayo ilikuwa na bendi, na nota zake zimo katika masanduku. Sisi tulioajiriwa serikalini tunajua kwamba jalada likipotelewa na karatasi moja, shauri zima linakwama. Nota za bendi ni vivyo hivyo, kwani kila chombo kina karatasi yake. Ikipotea ya tromboni ya pili, wimbo unabaki na pengo ambalo msikilizaji analisikia.

Basi masanduku yasiwekwe sakafuni, maana mchwa huanzia chini, na unyevunyevu wa bahari hupanda ukutani. Pini za chuma ziondolewe kabla hazijaacha kutu. Karatasi iliyochanika isibandikwe selotepu, maana gundi yake huila karatasi polepole. Kila wimbo uorodheshwe daftarini pamoja na idadi ya karatasi zake, kisha zipigwe picha na nakala ziwekwe mahali pengine. Na zaidi ya yote, majina yaliyoandikwa kwa penseli pembeni mwa nota na wapigaji wa zamani yasifutwe kwa kisingizio cha usafi.

Wanafunzi wa leo wanaweza kuifanya kazi hiyo katika likizo moja. Sisi wa zamani, kila mwenye nota au picha ya bendi nyumbani ailete mkutanoni, nyuma yake akiwa ameandika mwaka na majina ya waliomo, kuanzia kiongozi mpaka mbeba ngoma.