Nabongo Mumia na Ndugu Zake

Jina la Mumia, Nabongo wa Wanga, husifiwa sana misikitini kwetu, kwani alikuwa mfalme wa bara aliyeipokea dini kwa mikono ya wafanya biashara wa pwani. Sifa hiyo ni haki yake, wala hatuna nia ya kumpunguzia. Lakini upande wa Busia na Malaba, mpakani mwa Uganda, ambako Wakhayo, Wamarachi, Wasamia na Wateso walitawaliwa kwa jina lake, habari zake zina sura nyingine, na sura hiyo sisi Waislamu hatupendi kuitazama. Tumeona yapasa itazamwe.

Mumia alizaliwa yapata katikati ya karne ya 19, akakirithi kiti cha baba yake, Shiundu, mwanzoni mwa miaka ya 1880. Misafara yetu iliuita mji huo Kwa Sundu, kisha ukaitwa kwa Mumia, na hapo ndipo lilipotoka jina la Mumias. Ulikuwa mji wa kupumzikia kabla ya kuvuka kwenda Busoga na Buganda, penye chakula na amani ya mwenyeji. Mzungu Joseph Thomson alifika huko mwaka 1883 akampata Mumia kijana aliyekwisha tawala. Hali yake siku zile haikuwa ya nguvu. Wateso walikuwa wakimsonga upande wa magharibi, na Wabukusu kaskazini. Basi akajifunza mapema kwamba mgeni mwenye bunduki, akikirimiwa vema, hugeuka kuwa ukuta wa nyumba. Kwanza wageni hao walikuwa watu wetu. Baadaye walikuwa Waingereza.

Waingereza walipoweka kituo chao hapo miaka ya 1894 na 1895, Mumia aliwapokea kwa ukarimu ule ule. Mwaka huo wa 1895 majeshi yao, pamoja na askari wa Kinubi, wapiganaji wa Wanga na wengineo, yaliwapiga Wabukusu katika ngome za Lumboka na Chetambe. Nchi yote hiyo ilikuwa bado chini ya Uganda. Mwaka 1902 ndipo ilipohamishiwa upande wa Kenya, na Wasamia na Wateso wakajikuta wako pande mbili za mpaka ambao hawakuulizwa.

Sasa tufike kwenye kiini. Serikali ilikuwa na maofisa wachache na kodi ya vibanda ya kukusanya. Ikaona ni rahisi kutawala kwa mkono wa Wanga kuliko kutafuta mkubwa katika kila kabila. Hivyo kati ya 1907 na 1909 watu wa nyumba ya Mumia walitawanywa kuwa wakuu katika nchi zisizokuwa zao: ndugu yake Murunga akapelekwa kwa Wabukusu, ndugu yake Mulama akapewa Marama, na wengine wa Wanga wakawekwa huko Bukhayo, Marachi, na hata kwa Wateso ambao jana tu walikuwa maadui wa vita. Mwaka 1909 Mumia mwenyewe akatangazwa mkuu wa machifu wote wa Kavirondo ya Kaskazini.

Tutafakari maana yake kwa mtu wa kawaida kule Busia. Mkuu wa lokesheni ndiye aliyesimamia kodi, ndiye aliyetaja majina ya watu wa kutengeneza barabara na kubeba mizigo, na katika vita vya 1914 hata 1918 mikono ya wakuu kama hao ndiyo iliyochagua vijana wa kikosi cha wapagazi, kile kilichotuachia jina la Kariakoo, ambako maelfu hawakurudi. Mwenye kudhulumiwa angeshitaki wapi? Juu ya mkuu huyo alikuwa ndugu yake, na juu ya ndugu yake alikuwa Mzungu aliyemwamini ndugu huyo kuliko watu wote. Naye mshitaki alijua ya kwamba akirejea nyumbani, orodha ijayo ya wapagazi itaandikwa na yule yule aliyemshitaki. Basi watu wakanyamaza, na kimya chao kikahesabiwa kuwa ni ridhaa.

Wala tusiwacheke wa bara. Mombasa yetu ilimjua Liwali Salim bin Khalfan, kisha ikamjua mwanawe Ali bin Salim katika cheo hicho hicho, na wachache waliona ajabu.

Sayyidna Umar, alipojeruhiwa na kujua ya kuwa anakufa, aliwachagua watu sita wa kushauriana juu ya ukhalifa, akamzuia mwanawe Abdallah asiwe miongoni mwa wa kuchaguliwa. Na watu wa Kufa walipomshitaki Saad bin Abi Waqqas, sahaba mtukufu na mshindi wa Qadisiya, Umar alimtoa katika cheo na kutuma mtu kuuliza msikiti kwa msikiti, ingawa hakumwona kuwa ni mhaini. Aliona afadhali kiti cha sahaba kitikisike kuliko mnyonge aogope kusema. Mumia alikuwa na watu wa kumsomea habari hizi. Kwamba walimsomea, athari yake katika utawala haikuonekana.

Haki yatutaka tuseme pia kwamba hakuitunga yeye siasa ile. Waingereza waliitunga kwa faida yao, naye akaipokea kama mtu apokeavyo zawadi. Lakini waliolipa gharama walikuwa majirani zake, na twadhani dini nayo ililipa. Kwani mtu wa Bukhayo au wa Marachi aliyemwona mkuu wa Kiwanga na kanzu yake aliuona utawala na Uislamu katika vazi moja. Wamisionari walipofungua shule zao, alikwenda huko, na hatuwezi kumlaumu.

Mambo yalibadilika kidogo kidogo. Makao ya wilaya yalihamishwa Mumias kwenda Kakamega mwaka 1920. Mumia alistaafishwa mwaka 1926, na cheo chake hakikupewa mtu mwingine. Manung'uniko yaliyokuwa yakisemwa kwa siri yakaanza kusemwa mbele ya watu, na katika miaka ya 1930 wakuu wa Kiwanga walizidi kuondolewa, mahali pao wakawekwa wenyeji. Murunga naye aliondolewa. Mzee Mumia aliishi akayaona yote hayo. Alifariki Aprili 1949, umri wake ukikadiriwa kuwa miaka mia, Mwenyezi Mungu amsamehe. Busia ilipata kuwa wilaya yenyewe mwaka 1963.