Jenerali Gomes da Costa

Safari hii sisi wa kalasi ya sita tunaandika juu ya Manuel Gomes da Costa, jenerali wa Ureno. Mwingine atauliza: mutu huyu ana maneno gani na sisi wa Bengamisa? Ureno ilitawala Angola, jirani yetu, mpaka 1975, na utawala alioufungua yeye uliwalemea watu wa kule miaka mingi.

Alizaliwa Lisbon tarehe 14-1-1863. Aliingia jeshi kijana, akatumwa India, kisha Msumbiji, na miaka ya 1897 na 1898 alikuwa katika vita ya Gaza. Wareno walimwita shujaa; watu wa Gaza, hapana. Katika vita ya kwanza ya dunia aliongoza divizio moja ya Wareno kule Ufaransa. Tarehe 9-4-1918 Wajerumani waliivunja karibu na mto Lys, maelfu wakakamatwa.

Nyumbani mambo yaliharibika. Tangu mfalme kufukuzwa mwaka 1910, serikali zaidi ya 40 zilipita katika miaka 16, feza ikakosa nguvu. Wakubwa wa jeshi walitaka kupindua, lakini jenerali waliyemtegemea akafa. Walihitaji mutu mwenye jina, wakamwendea mzee huyu. Tarehe 28-5-1926 akaanzia mji wa Braga, maaskari nyuma yake, na serikali ikaanguka karibu bila damu.

Hapa ndipo tulishangaa. Mwenzake wa kwanza, Mendes Cabeçadas wa jeshi la bahari, alimwondoa tarehe 17 mwezi wa 6, akashika yote mwenyewe. Kupigana alijua, lakini kazi ya biro, hapana. Wiki tatu tu! Tarehe 9 mwezi wa 7 jenerali Carmona na wenzake wakamwondoa na yeye, wakamtuma visiwa vya Azores. Huko huko wakamupa cheo cha marshali, kama vile mtoto anapewa sukari asilie.

Alifia Lisbon tarehe 17-12-1929. Carmona alibaki prezidenti mpaka kifo chake, 1951. Mwaka 1928 profesa mmoja wa Coimbra, Salazar, alipewa kazi ya feza, na kwa katiba ya 1933 utawala wa maaskari ukageuka wa kwake. Angola na Msumbiji watu waliendelea kupelekwa mashambani kwa nguvu. Mwaka 1961 wakimbizi wengi wa Angola waliingia Kongo. Wareno nao walingoja mpaka tarehe 25-4-1974, siku maaskari wengine walipotoka tena barabarani na kuiangusha serikali ile.