Ibn Majid: Mwalimu aliyeipima bahari kwa vidole

MWANAFUNZI anayedurusu hisabati katika maktaba ya mtaa wa Kaloleni, Nairobi, hufika siku moja kwenye mada ya latitudo na longitudo, akajiuliza swali ambalo wengi wetu tulijiuliza. Mistari hii ya kubuni, iliyochorwa juu ya tufe, itamfaa nini mtu anayeishi kando ya Barabara ya Jogoo, karibu kilomita 500 kutoka baharini?

Jawabu limo katika maisha ya Shihabuddin Ahmad ibn Majid, mwana wa Julfar, mji wa kale uliokuwa mahali paitwapo leo Ras al-Khaimah katika Muungano wa Falme za Kiarabu. Alizaliwa katika miaka ya 1430 hivi. Baba yake na babu yake walikuwa waongozaji wa vyombo, na baba mtu alitunga shairi refu la kuwaongoza mabaharia katika Bahari ya Shamu. Mtoto alilikariri shairi hilo, akakua, kisha akaanza kulisahihisha. Hakumwonea haya mzazi wake mahali ambapo miamba ingeweza kuua watu.

Kazi yake ilikuwa ya ualimu. Neno hili sisi tumelibakiza darasani tu, lakini katika majahazi ya zamani mwalimu, au maalim, alikuwa mtu aliyeshika elimu ya njia. Nahodha alikuwa na chombo, wafanyabiashara wakawa na shehena, naye mwalimu akawa na roho za wote mikononi mwake.

Taabu iliyomkabili ni rahisi kueleza na ngumu kutatua. Jahazi likishaiacha pwani, hakuna mlima wala mnara wa kutazama. Upepo wa kusi au kaskazi unasukuma, mkondo wa maji unavuta pembeni bila kuonekana, na baada ya siku kumi maji ya mbele ni sawa na maji ya nyuma. Mtu atajuaje alipo?

Hapo ndipo jiometri ilipoingia. Tuseme tumesimamisha mti mmoja wima katika uwanja wa Kaloleni na mwingine wima huko Julfar. Kila mmoja umenyooka kwa mtu aliye karibu nao, lakini miti hiyo miwili haielekei upande mmoja, kwa sababu dunia ni mviringo. Ukipima kutoka kusini kwenda kaskazini, tofauti yake ni nyuzi zipatazo 27. Nyota, kwa upande wake, iko mbali mno hata miali yake huifikia miti yote miwili ikiwa sambamba. Kwa hiyo nyota ya ncha ya kaskazini, ambayo Waarabu waliiita Jah, huonekana Julfar ikiwa juu ya upeo wa macho kwa nyuzi kama 25, ilhali kwa mkazi wa Kaloleni imezama chini ya upeo, hata mapaa ya nyumba yakiondolewa. Kimo cha nyota ndicho latitudo ya mtazamaji.

Kimo hicho kilipimwa kwa kamali, kipande cha ubao chenye uzi uliopigwa mafundo. Mwalimu aliuma uzi kwa meno, akaunyoosha, akauweka ubao hata ukingo wa chini ukagusa upeo wa bahari na wa juu ukaigusa nyota. Fundo lililofika mdomoni lilimpa jibu. Kipimo chenyewe kiliitwa isbaa, yaani kidole, na duara zima lilihesabiwa kuwa na vidole 224. Kidole kimoja, basi, ni nyuzi moja na dakika 36 hivi, au karibu kilomita 180 juu ya uso wa bahari.

Safari nayo ilihesabiwa kwa zam, mwendo wa saa tatu. Jahazi likielekea kaskazini moja kwa moja, zam nane, yaani usiku na mchana mmoja, zilihesabiwa kuipandisha nyota kidole kimoja. Je, likielekea kaskazini mashariki? Hapo linapita kwenye ulalo wa mraba, nao ulalo ni mrefu kuliko ubavu kwa karibu mara moja na nusu kasoro kidogo. Zitahitajika zam zaidi ya 11 ili nyota ipande kidole kile kile. Hii ni pembetatu ya darasani, ila imetandazwa juu ya maji.

Ibn Majid alijua pia kuwa Jah haikai kwenye ncha yenyewe. Leo imeikaribia sana, lakini katika karne ya 15 ilikuwa mbali nayo kwa nyuzi tatu na nusu hivi, ikizunguka. Aliyepima bila kurekebisha angekosea kilomita mia kadhaa, kwa hiyo mabaharia walikuwa na kanuni za kuongeza na kupunguza kulingana na nyota nyingine zilizokuwa juu wakati huo. Kusini zaidi, Jah ilipozama, waliigeukia Dubu Kubwa.

Kasoro moja haikuondoka. Aendaye mashariki au magharibi haoni nyota hiyo ikipanda wala kushuka, na longitudo ilibaki kubahatishwa hadi saa madhubuti za baharini zilipoundwa Uingereza katika karne ya 18.

Elimu hiyo yote aliiandika, sehemu kubwa kwa mashairi, kwani shairi halilowi maji. Hawiya aliikamilisha mwaka 1462. Kitabu chake kikubwa cha nathari, Fawaid, ni cha mwaka 1490 hivi. Katika Sofaliya alieleza njia ya pwani yetu hadi Sofala, Msumbiji. Shairi lake la mwisho lenye tarehe ni la mwaka 1500.

Pamoja na hayo, wengi wetu tulimjua kwa jambo moja tu, tena la aibu: kwamba ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India. Mreno huyo aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili, 1498, akafika Calicut Mei 20. Kwamba alipewa mwongozaji ni kweli. Lakini waandishi wa Kireno hawamtaji Ibn Majid. Barros anamtaja Mwislamu wa Gujarat kwa jina la Malemo Cana, na malemo hiyo ni mwalimu wetu yule yule. Aliyemtia Ibn Majid hatiani ni al-Nahrawali wa Makka, aliyeandika miongo mingi baadaye na kudai kuwa mzee huyo alileweshwa ndipo akatoa siri. Mwaka 1498 Ibn Majid alikuwa amepita miaka 60. Wataalamu kadhaa, akiwemo Sultan al-Qasimi wa Sharjah, wameikataa hadithi hiyo, na mwandishi huyu anaona wana haki. Ushahidi wa mtu mmoja aliyechelewa hautoshi kumhukumu marehemu, hasa pale wenyeji wa safari yenyewe wanapomtaja mwingine.

Waosmani walimtendea vyema zaidi. Amiri wao wa bahari, Sidi Ali Reis, aliitumia elimu yake katika kitabu cha mwaka 1554. Baadaye alisahaulika hadi Mfaransa Gabriel Ferrand alipochapisha miswada ya Paris katika miaka ya 1920. Sofaliya ilikuwa Leningrad, nayo ilichapishwa mwaka 1957 na Teodor Shumovsky, msomi aliyekuwa amepoteza miaka mingi ya ujana wake katika kambi za wafungwa za Stalin.

Nguzo ya Vasco da Gama ingali imesimama Malindi, ikielekea bahari, na watalii huipiga picha.